Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?

Kila shirika letu linapougua, swali tunalouliza ni moja: nani aletwe? Hatuulizi limeugua nini, limeugua tangu lini, wala nani alikuwa zamu usiku ule homa ilipopanda. Tunauliza nani aletwe tu. Utalisikia swali hilo kwenye daladala, kwenye vibaraza vya kahawa, hata kwenye foleni ya benki. Huyu anasema atafutwe mtu mkali, asiyecheka na mtu. Yule anasema mkali atatoka wapi miongoni mwetu, bora aletwe Mzungu. Wa tatu, ambaye amesoma magazeti, anasema auziwe mbia wa nje mwenye mtaji na ujuzi. Wote watatu wanabishana kwa sauti kubwa, na wote watatu wanasema jambo lilelile: wokovu utashuka kutoka mahali pengine, ukiwa na jina na koti.

Wazee wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Walisema hivyo kwa sababu mgeni alipokuja kuku alichinjwa, na watoto wa nyumba wakapata kipapatio ambacho siku za kawaida wasingekipata. Methali hiyo ni ya ukarimu, na pengine ya kejeli kidogo. Sisi tumeigeuza kuwa sera ya uchumi. Nataka kuipinga sera hiyo katika kurasa hizi, na sitaipinga kwa maneno matupu. Nitaipinga kwa kisa cha mapacha wawili.

Naomba nieleweke tangu mwanzo. Mimi si mchumi wa vyuoni. Nimekula mkate wangu kwa kazi ya hesabu katika mashirika ya umma, miaka ishirini na kitu, nikikaa upande ule wa meza ambako watu huweka risiti na kuondoka haraka. Sina chuki na wageni, na sina mapenzi ya kijinga na mashirika ya serikali. Nilichonacho ni tabia ya mhasibu: mtu akiniambia mgonjwa amepona, mimi huuliza daftari liko wapi.

Mapacha ninaowasema walizaliwa mwaka 1977. Mama yao, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, aliyekuwa hai tangu 1946, alikufa mwanzoni mwa mwaka huo pamoja na Jumuiya yenyewe. Kenya ikaunda Kenya Airways mwezi Januari, na Tanzania ikaunda Air Tanzania mwezi Machi. Watoto hawa walilelewa kwa namna moja. Wote wawili walikuwa mali ya serikali mia kwa mia. Wote wawili walikuwa na bodi zilizoteuliwa na wakubwa, nauli zilizopangwa kwa siasa, abiria wa heshima waliosafiri bila kulipa, na madeni yaliyokua kama magugu ya masika. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angeweza kusema yupi kati yao atapona.

Akapona yule wa Kenya. Alipona kweli, si kwa maneno. Mwaka 1996 hisa zake ziliuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, na watu wa kawaida, walimu na wauguzi na wakulima wa chai, wakawa wenye ndege. Pacha wa Tanzania hakupona. Mwaka 2002 Serikali yetu iliuza asilimia 49 ya hisa zake kwa Shirika la Ndege la Afrika Kusini kwa dola milioni 20. Mwaka 2006 ndoa hiyo ikavunjika na Serikali ikachukua hisa zake tena. Desemba 2008 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikasimamisha cheti cha shirika, na kwa muda twiga wetu hakuruka kabisa.

Sasa sikiliza jinsi kisa hiki kinavyosimuliwa. Wanasema: Kenya walimpata Mholanzi, yaani KLM, naye akawaokoa, sisi tulimpata Kaburu, naye akatuangusha. Kwa hiyo, wanasema, tulikosea mgeni. Tungempata mgeni mwema, twiga angekuwa angani hadi leo. Hadithi hiyo ni tamu na fupi, na inamwondolea kila mwenyeji lawama. Ubaya wake ni kwamba haikubaliani na tarehe.

Hebu tuzitazame tarehe. KLM iliingia Kenya Airways mwaka 1996, ikanunua asilimia 26. Lakini matibabu yalianza mwaka 1991, miaka mitano kabla. Mwaka huo Serikali ya Kenya iliunda bodi mpya na kumpa uenyekiti Philip Ndegwa, mtu aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu ya nchi hiyo kuanzia 1982 hadi 1988. Bodi hiyo ilipewa kazi moja iliyoeleweka: liendesheni shirika hili kama biashara, na mliandae kuuzwa. Ikaajiri washauri. Ikaleta menejimenti mpya. Ikapunguza wafanyakazi, jambo chungu ambalo sitalipamba. Ikaachana na ndege zilizokula mafuta kuliko nauli zilizoingiza. Serikali nayo ikabeba sehemu ya madeni ya zamani ili shirika lisianze mbio likiwa na jiwe shingoni. Kabla mbia hajatia sahihi, shirika lilikuwa limeanza kupata faida. KLM haikununua maiti ikaifufua. Ilinunua mgonjwa aliyekwisha toka kitandani, anayetembea uani na kuomba chakula.

Utaniambia kwamba hata mkurugenzi aliyeletwa na bodi hiyo alikuwa Mwingereza, Brian Davies. Ni kweli, wala sitalificha hilo. Lakini tazama alivyokuja. Hakuja kama mwokozi. Alikuja kama mtu aliyeajiriwa, mwenye mkataba, anayeripoti kwa bodi yenye mwenyekiti Mkenya aliyejua kusoma mizania kuliko mawaziri wengi. Aliyekuwa juu yake aliweza kumuuliza, na aliyekuwa chini yake alijua kwamba maagizo hayatageuzwa kesho kwa simu kutoka ofisi nyingine. Mgeni wa namna hiyo ni fundi, na kumwajiri fundi hakuna aibu. Aibu ni kumkabidhi fundi nyumba, ufunguo na hati, kisha wewe mwenyewe ukaenda kukaa kwa jirani.

Sisi tulifanya nini? Tuliuza kwanza, tukitumaini kwamba mnunuzi ndiye atakayesafisha. Shirika la Afrika Kusini lilitaka Dar es Salaam iwe kituo chake cha Afrika Mashariki, cha kulisha safari zake za Johannesburg. Simlaumu kwa hilo. Kila mfanyabiashara hutaka lake. KLM nayo ilitaka Nairobi ilishe Amsterdam. Tofauti ni kwamba Nairobi mezani palikuwa na mwenyeji aliyejua nyumba yake ina vyumba vingapi. Aliweka hisa nyingi mikononi mwa umma, Serikali ikabakiwa na asilimia 23 tu, na mbia akawa mwenye hisa miongoni mwa wenye hisa. Kwetu palikuwa na wawili, Serikali na mbia, hakuna wa tatu wa kuuliza. Wawili hao walipogombana, shirika likawa kama mtoto wa talaka.

Najua pingamizi litakalofuata, maana nimelisikia mara nyingi. Mbona kiwanda cha bia? Ni kweli, mwaka 1993 Serikali iliuza nusu ya hisa za Kampuni ya Bia Tanzania kwa kampuni ya Afrika Kusini, na kiwanda kikafufuka. Wanaokumbuka bia ya mgao ya miaka ya 1980 wanajua ninachosema. Mwaka 1998 kampuni hiyo ikaingia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, miongoni mwa za mwanzo kabisa. Basi, wanasema, mgeni amemponya mwenyeji.

Najibu hivi. Kwanza, bia ilikuwa na wanywaji waliopanga foleni. Ugonjwa wa kiwanda kile ulikuwa mitambo, chupa na fedha za kigeni, na mbia alikuja na dawa ya magonjwa hayohayo. Shirika la ndege halikuugua kwa kukosa ndege peke yake. Liliugua kwa kukosa mtu wa kusema hapana. Pili, kiwanda cha bia kilipofika sokoni kililazimika kuweka hesabu zake mezani, mbele ya watu wasio na undugu na mwenyekiti. Kwa hiyo hata mfano huo mnaoupenda haushuhudii mgeni. Unashuhudia daftari.

Hapa naomba niseme jambo niliyoliona kwa macho yangu. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 nilikuwa mhasibu katika kiwanda kimoja cha umma, bara, ambacho sitakitaja kwa sababu waliokiua wana wajukuu. Kwa miaka sita niliona mameneja wakuu wanne. Kila mmoja alipokelewa kwa ngoma. Kila mmoja alitangazwa kuwa ndiye. Wa kwanza alikuwa mkali, wa pili alikuwa msomi, wa tatu alikuwa mcha Mungu, na wa nne alikuwa ametoka nje ya nchi na shahada mbili. Wiki ya kwanza kila mmoja alibadilisha mapazia ya ofisi. Wiki ya pili alidai gari. Wiki ya tatu alikutana na wafanyakazi akawaambia kwamba enzi ya uzembe imekwisha.

Katika ghala la kiwanda hicho alikuwako mtunza ghala, mama mmoja wa makamo, aliyeishia darasa la saba. Leja rasmi ya ghala ilikuwa safi kama shuka ya hospitali ya misheni, kwa sababu iliandikwa upya kila wakaguzi walipokaribia. Lakini mama huyu alikuwa na kauntabuku yake ya jalada gumu, aliyoinunua kwa fedha zake, na humo aliandika kila kilichotoka: mkanda wa mashine, pipa la mafuta, mabati ishirini, tarehe, gari lililochukua, na aliyetoa amri. Pale palipokuwa hapana hati, aliandika maneno mawili: kwa simu. Nilipofungua kurasa zile nilikuta "kwa simu" imejaa kama mchwa ukutani.

Nilimuuliza, mama, kwa nini unajisumbua? Akanijibu, "Mwanangu, siku wakija kuuliza, sitaki waniulize mimi. Nataka waulize kitabu." Katika mameneja wale wanne, hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba kukiona kitabu kile. Walioomba ni wafilisi, kiwanda kilipokuwa kimekwisha kufungwa na watu zaidi ya mia tatu wamesimama getini wakidai kiinua mgongo. Wafilisi walisoma kauntabuku siku mbili, na katika siku mbili hizo walielewa ugonjwa ambao waokozi wanne hawakuuelewa kwa miaka sita. Kujua ugonjwa hakukumrudishia mtu hata senti. Wengine katika wale watu mia tatu walikufa kabla ya kulipwa.

Ndiyo maana sicheki watu wanapolifanya jambo hili kuwa mazungumzo ya kahawa. Shirika linapokufa, wakubwa wake huhamishiwa mahali pengine. Anayekufa pamoja nalo ni mtu aliyekatwa mshahara kila mwezi kwa ahadi ya uzeeni. Wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliandamana Dar es Salaam wakidai mafao yao karibu miongo mitatu baada ya Jumuiya kuvunjika. Vijana wa 1977 walikuwa wamekuwa vikongwe wa kushikwa mkono. Na deni lililobaki likalipwa na Hazina, yaani na mkulima wa Sumbawanga ambaye hajawahi kuiona ndege isipokuwa ikipita juu ya shamba lake la mahindi.

Turudi kwa pacha aliyepona, maana kisa chake hakikuishia 1996, na hapa ndipo wapenzi wa mgeni wanapofunga kitabu mapema.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kenya Airways ilisifiwa sana, na ilistahili. Kwa zaidi ya miaka kumi ilikuwa ndiyo mfano uliotajwa Afrika nzima. Kisha ukaja mpango uliopewa jina Mradi wa Mawingu: ndege nyingi mpya, vituo vipya, kufika kila bara katika muda wa miaka kumi. Mwaka 2012 wenye hisa waliombwa waongeze mtaji, na zikapatikana shilingi za Kenya takriban bilioni 14 na nusu, pungufu ya zile zaidi ya bilioni 20 zilizotafutwa. Soko lilikuwa limenong'ona. Bodi haikusikia, au ilisikia ikaona ni kelele za mtaani.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2013 hasara ilikuwa karibu bilioni 8. Mwaka ulioishia Machi 2015 ilifika bilioni 25.7, na mwaka uliofuata bilioni 26.2. Mikosi ilikuwepo, sikatai. Ulikuwepo moto wa uwanja wa Nairobi mwaka 2013. Yalikuwepo mashambulizi ya magaidi yaliyofukuza watalii, na Ebola ya Afrika Magharibi iliyofunga njia mwaka 2014. Yalikuwepo mashirika ya Ghuba yenye mifuko isiyo na kitako. Lakini ndege kubwa ziliagizwa kabla ya mikosi hiyo, na malipo yake hayakujali mikosi. Mwaka 2016 shirika liliuza nafasi yake ya kutua Heathrow, London, kwa Oman Air, kwa dola milioni 75. Mtu anapouza mlango wa nyumba ili alipe deni la duka, majirani hawahitaji kuambiwa hali yake.

Mwaka 2017 madeni yakageuzwa hisa. Serikali ya Kenya ikarudi kuwa na karibu nusu ya shirika, asilimia 48.9, mabenki yakachukua sehemu kubwa, na KLM ikashuka hadi asilimia 7.8. Hisa za yule mwalimu na yule muuguzi wa 1996 zikawa kama chumvi iliyomwagwa ziwani. Kuanzia Julai 2020 hadi Januari 2025 hazikuuzika kabisa sokoni. Kwa mwaka 2024 shirika lilitangaza faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza kwa zaidi ya miaka kumi, na watu wakaanza tena kupiga vigelegele. Nusu ya kwanza ya 2025 ikaleta hasara ya zaidi ya bilioni 12, ndege kubwa zikiwa zimekaa chini kwa kukosa vipuri na injini.

Mbia alikuwepo wakati wote huo. KLM ilikuwa ndani ya nyumba shirika lilipopaa, na ilikuwa ndani ya nyumba lilipoanguka. Kama mgeni ndiye dawa, basi mbona dawa ilikuwa kinywani na mgonjwa akazidiwa? Jibu langu ni kwamba kilichoponya mwaka 1991 ni bodi yenye uwezo wa kukataa, na kilichoua baadaye ni kukosekana kwa sauti ya kukataa ndani ya chumba kilekile. Jengo lilikuwa lilelile na jina lilelile. Hapana ndiyo iliyohama.

Ziko nchi za mbali ambazo wapenzi wa mwokozi huzitaja pia. Watakutajia Kazuo Inamori wa Japani, mzee aliyeanzisha kampuni ya Kyocera mwaka 1959. Shirika la Ndege la Japani lilipofilisika mwezi Januari 2010, aliombwa kulishika akiwa anakaribia miaka 78, akakubali bila mshahara, na Septemba 2012 shirika likarudi sokoni likiwa na faida nono. Hapo, wanasema, unakataa nini tena?

Sikatai kitu. Mzee yule alikuwa mtu adimu, na kufanya kazi bila mshahara kulimpa ulimi ambao wakurugenzi wengi hawana. Lakini tazama alichokifanya. Mahakama na serikali zilikuwa zimekwisha fanya upasuaji: madeni yalikatwa, wenye hisa wa zamani wakapoteza kila kitu, na watu wapatao 16,000 wakapoteza kazi. Yeye alipofika alitaka hesabu za kila njia ya ndege na kila kitengo zijulikane mapema, na zijulikane na wale wanaofanya kazi hiyo, si na ghorofa ya juu peke yake. Rubani ajue mafuta ni kiasi gani, fundi ajue glovu ni kiasi gani. Miaka michache baadaye aliondoka, na mwaka 2022 akafariki, na shirika halikuanguka. Hicho ndicho kipimo. Mwokozi wa kweli ni yule ambaye akiondoka hakuna anayemhitaji. Wale wa kwetu wakiondoka huacha picha ukutani na tundu benki.

Na pacha wetu je? Tangu 2016 Serikali imemnunulia ndege nyingi mpya, Bombardier, kisha Boeing kubwa ya Dreamliner iliyofika Julai 2018, kisha Airbus. Nilifurahi kama kila Mtanzania. Kumwona twiga angani tena ni jambo linalogusa moyo, na asiyeguswa namtilia shaka. Lakini furaha si mizania. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zinaonyesha hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 56 kwa mwaka 2022/23, na zaidi ya bilioni 91 kwa mwaka 2023/24. Injini za Airbus zilizokaa matengenezoni zina lawama yake, na lawama hiyo si ya Dar es Salaam peke yake. Hata hivyo ndege iliyokaa chini inadai malipo sawa na inayoruka, na mtu alitakiwa kuuliza mapema: zikikaa chini, tutalipa kwa nini?

Nani alikuwa na kazi ya kuuliza? Bodi. Na bodi zetu huundwaje? Mtu huamka asubuhi akasikia redioni kwamba ameteuliwa, na siku nyingine akasikia redioni hiyohiyo kwamba uteuzi wake umetenguliwa. Mtu wa namna hiyo, hata awe malaika, atamwambia nani hapana? Ataanza kila kikao kwa kujiuliza aliyemteua anataka nini. Tunamtaka awe mlinzi, na tumemfunga kengele shingoni kama mbuzi.

Basi kama kweli tunataka mashirika haya yapone, tuache kutafuta jina la mtu, tudai mambo yasiyo na jina. Mjumbe wa bodi ateuliwe kwa sifa zilizoandikwa na kutangazwa, kwa muda unaojulikana, na akiondolewa sababu iandikwe. Hesabu zilizokaguliwa zitoke kila mwaka kwa tarehe isiyosogezwa, na zichapishwe kwa Kiswahili, ili mama wa ghala azisome bila mkalimani. Serikali ikitaka ndege iende mahali pasipo na abiria, na zipo sababu njema za kutaka hivyo, iandike barua na iambatanishe hundi, maana amri isiyo na hundi ni wizi wa adabu. Kila mpango mkubwa uwe na ukurasa unaosema tukishindwa tutafanya nini, na bodi isiyouona ukurasa huo isipitishe. Na mafao ya wafanyakazi yakae mahali ambapo hakuna meneja, mkali wala mpole, mgeni wala mwenyeji, anayeweza kuyakopa.

Mambo haya hayana mvuto. Hakuna atakayepigiwa ngoma uwanjani kwa sababu amechapisha mizania kwa wakati, na sijaona kanga iliyoandikwa jina la kamati ya ukaguzi. Ndiyo sababu hatuyapendi. Mwokozi ana sura, tunaweza kumpenda, tunaweza kumchoka, tunaweza kumtukana akishindwa, na katika yote hayo sisi tunabaki watazamaji. Daftari halina sura. Linatudai tulisome, na tukilisoma hatuna tena ruhusa ya kusema hatukujua.

Wazee waliotuachia methali ya mgeni na mwenyeji walituachia na nyingine, fupi, ambayo hatuitaji kwenye hotuba za kupokea ndege: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka ujao Mdhibiti atatoa tena taarifa yake, nayo itawekwa mezani Bungeni kama kawaida. Ndugu msomaji, kabla hujauliza nani aletwe, itafute taarifa hiyo uisome. Kisha mwulize mbunge wako kama na yeye ameisoma.